Kanga mbili za Bibi na makala iliyokataliwa mara tatu

Tarehe 6 hadi 8 Mei 1985, wananadharia wa sayansi ya kompyuta walikutana Providence, katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, kwa kongamano lao la kila mwaka linaloitwa STOC. Kitabu cha kongamano hilo ukikifungua ukurasa wa 291 utakuta makala ya Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff. Ukiendelea hadi ukurasa wa 421 utakuta ya László Babai. Walikuwa wakitafuta vitu viwili tofauti, kila upande kivyake, wakaibukia mahali pamoja: kwamba uthibitisho wa hisabati si lazima uwe maandishi yaliyotulia kwenye karatasi yakisubiri kusomwa. Unaweza kuwa mazungumzo ya wawili, mmoja anadai, mwingine anakagua, na mkaguzi ana ruhusa ya kurusha sarafu. Makala ya kwanza kati ya hizo mbili ilikuwa na rasimu tangu mapema 1983. Kabla ya kufika Providence ilikuwa imekataliwa mara tatu na makongamano makubwa.

Kisa hiki husimuliwa sana kama pole. Mwanafunzi anaingia ofisini, "Mwalimu, wameikataa tena," nawe unamwambia hata akina Goldwasser walikataliwa. Nimefanya hivyo mwenyewe, na nimeacha. Makala nyingi zinazokataliwa zinastahili kukataliwa, na pole ya namna hii haimwambii mtu yake iko kundi gani. Nadhani faida ya kisa hiki iko kwingine: kukaa kwenye kiti cha mjumbe wa kamati mwaka 1983 au 1984, rundo la makala likiwa mezani, na kujiuliza kwa moyo safi, ningeipitisha?

Kwa msomaji wa fani nyingine inabidi nieleze jambo moja. Katika sayansi ya kompyuta, kongamano ndilo lango lenyewe la uchapishaji. Mwanahistoria au daktari huenda kongamanoni kuonja kazi ambayo baadaye itatoka kwenye jarida. Mwananadharia wa kompyuta hupeleka kazi kongamanoni kwanza, na jarida likifuata, hufuata miaka mingi baadaye. STOC ilianza 1969. Mwenzake FOCS ana mizizi ya mwaka 1960. Moja hufanyika kabla ya kiangazi, nyingine vuli. Unapeleka muhtasari mpana wa kurasa chache, kamati inagawana rundo, inasoma kwa wiki kadhaa, kisha linatoka jibu la ndiyo au hapana. Hakuna kurudishiwa ukarekebishe kama jarida linavyofanya. Ukipata hapana, unasubiri lango linalofuata.

Sasa makala yenyewe. Ningependa msomaji aishike mkononi kabla hatujaihukumu kamati, kwa hiyo nitatumia mfano ninaoutumia darasani.

Bibi haoni. Mjukuu wake ametoka dukani na vipande viwili vya kanga, anamwambia, "Bibi, hivi ni vya doti mbili tofauti, kimoja chekundu, kingine cha kijani." Bibi anavipapasa. Kitambaa ni kilekile, upana uleule, pindo zimeshonwa sawasawa. Anashuku kwamba mjukuu amenunua doti moja, akaikata katikati, na chenji imebaki mfukoni.

Mjukuu atamthibitishiaje mtu asiyeona kwamba rangi ni mbili? Angeandika kurasa mia, zisingesaidia. Lakini wakiongea, inawezekana. Bibi anaficha vipande vyote viwili nyuma ya mgongo, anatoa kimoja, anakionyesha, anakirudisha. Kisha anarusha sarafu kwa siri, na kwa kufuata sarafu hiyo anatoa ama kilekile ama kile kingine. "Haya, ni kilekile au ni kingine?" Kama rangi ni mbili kweli, mjukuu anaona na kujibu sawa kila mara. Kama ni vya doti moja, anabahatisha, na kubahatisha kunapatia nusu tu. Wakirudia mara 20, mjukuu mwongo ana nafasi 1 katika 1,048,576 ya kupatia zote. Bibi anaweza kulala usingizi.

Hadi hapo tumepata uthibitisho wa mazungumzo. Jambo la pili ndilo lililowasumbua na kuwavutia akina Goldwasser: baada ya raundi zote 20, Bibi hajui ni kipi chekundu. Ameridhika kwamba rangi ni mbili, basi. Na tunaweza kusema kwa uhakika kwamba hakupata cha ziada, kwa sababu kila alichokisikia angeweza kukitunga mwenyewe peke yake chumbani. Anajua sarafu yake ilivyoanguka, anajua kipande alichokitoa, kwa hiyo jibu la mjukuu mkweli analijua kabla hajalisikia. Mazungumzo ambayo ungeweza kuyaigiza peke yako hayawezi kukufundisha chochote. Sentensi hii, ikiandikwa kwa lugha ya hisabati, ndiyo fasili ya uthibitisho wa maarifa sifuri, na ndiyo kiini cha makala iliyokataliwa.

Tusiende haraka, maana Bibi naye anaweza kuwa mjanja. Tuseme jirani amemwachia kipande cha tatu, cha kitambaa kilekile, na Bibi anatamani kujua kama kinafanana na kile alichokionyesha kwanza. Katika raundi ya saba anakichomeka kimyakimya. Mjukuu, kwa uaminifu wake, anajibu "kilekile". Bibi sasa amejua jambo ambalo mjukuu hakukusudia kulitoa, na ambalo yeye peke yake asingelijua. Mchezo umevuja. Dawa yake ni kwamba kabla ya kujibiwa, Bibi naye amwonyeshe mjukuu kwamba jibu tayari analijua, yaani kwamba kipande kilichotoka ni mojawapo ya viwili vya mwanzo. Mkaguzi anakaguliwa. Waandishi walikutana na tatizo hilihili katika namba zao, wakalitatua kwa namna hiyohiyo. Kwangu ndipo mahali panapoonyesha kwamba hawa watu hawakuwa wanacheza na maneno: fasili yao iliwalazimisha kuona tobo ambalo jicho la kawaida lingelipita.

Namba zenyewe ni hizi. Chukua 7. Zidisha kila namba kuanzia 1 hadi 6 kwa yenyewe, gawanya kwa 7, tazama baki: unapata 1, 4, 2, 2, 4, 1. Kwa hiyo 1, 2 na 4 ni mabaki ya vipeo vya pili, na 3, 5 na 6 siyo. Kwa 7 ni kazi ya dakika moja. Kwa namba ya tarakimu mamia, iliyo zao la namba tasa mbili kubwa ambazo huzijui, hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kutenganisha makundi hayo mawili. Makala ilionyesha jinsi ya kumthibitishia mtu kwamba namba fulani iko kundi la kwanza bila kumpa kipeuo chake cha pili, na jinsi ya kumthibitishia kwamba iko kundi la pili. Mfano wa kanga ni sura ya hiyo ya pili.

Waandishi hawakuwa wageni mlangoni. Goldwasser na Micali walisoma pamoja Berkeley chini ya Manuel Blum, na mwaka 1982, katika STOC iliyofanyika San Francisco, walikuwa wamewasilisha kazi yao ya usimbaji wa nasibu, yaani kugeuza ujumbe kuwa siri kwa msaada wa bahati, walipotoa fasili ya nini maana ya ujumbe kufichika: kwamba chochote unachoweza kukikokotoa ukiwa na ujumbe uliosimbwa, ungeweza kukikokotoa hata bila kuuona. Micali alipitia Toronto, alikokuwa Rackoff. Mwaka 1983 Goldwasser na Micali walikuwa MIT.

Nataka tusimame hapo kwenye 1982. Ile nayo ilikuwa makala ya fasili, tena fasili iliyojengwa kwa fikra ileile ya kuigiza, na ilipita. Kwa hiyo haitoshi kusema kamati za wakati ule hazikupenda fasili. Nionavyo, tofauti ni kwamba usimbaji lilikuwa swali ambalo fani nzima ilikuwa imelishalipokea. Whitfield Diffie na Martin Hellman walikuwa wameufungua mlango wa usimbaji wa ufunguo wa wazi mwaka 1976, mfumo wa usimbaji wa RSA ukafuata mara moja, na kila mjumbe wa kamati alijua kuna pengo: tunasema siri, lakini siri ni nini? Goldwasser na Micali walijibu swali lililokuwa likisubiri jibu. Makala ya maarifa sifuri ilileta swali na jibu kwa pamoja. Nani alikuwa ameuliza uthibitisho unavujisha maarifa kiasi gani? Tangu Wagiriki, uthibitisho ulikuwa kitu unachotoa ili mwenzako aelewe. Kumwambia msomaji kwamba kuna uthibitisho mzuri ambao haumwachii uelewa wowote ni kumwomba ageuze kichwa kabla hujamwonyesha kwa nini.

Basi nikikaa kwenye kile kiti, naona makala isiyo na mizani. Kanuni mpya ya kukokotoa huja na kipimo chake: jana kazi ilichukua hatua nyingi kiasi hiki, leo imepungua kiasi kile, na mjumbe aliyechoka saa tano usiku anaweza kulinganisha. Fasili haina jana. Thamani yake ni kazi ambazo wengine watazifanya nayo, na kazi hizo bado hazipo. Halafu naona mifano miwili, yote inatoka kwenye kona moja ya nadharia ya namba, ndugu wa tumbo moja. Swali la haki ambalo mjumbe angeuliza ni hili: je, jambo hili ni la uthibitisho wote, au ni tabia ya ajabu ya mabaki ya vipeo vya pili? Ndani ya makala hapakuwa na jibu. Jibu lilitoka mwaka 1986, Oded Goldreich, Micali na Avi Wigderson walipoonyesha, katika FOCS ya Toronto, kwamba kila tatizo la NP, yaani lile ambalo jibu lake ukipewa unaweza kulihakiki haraka, lina uthibitisho wa maarifa sifuri, mradi tu usimbaji salama upo. Walitumia upakaji wa grafu, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari, kwa rangi tatu, mfano ambao mtoto anaweza kuuchora.

Hata hivyo nasema kamati zilikosea, na nasema hivyo nikijua kwamba mimi pia pengine ningekosea pamoja nazo. Tobo la kanga ya jirani lingetosha kuwa mizani. Fasili inayokuonyesha hatari usiyoiona, kisha ikakulazimisha kuiziba, imeshaanza kufanya kazi siku hiyohiyo. Mjumbe hahitaji kusubiri miaka kumi aone itazaa nini. Anaweza kuipima kwa kile ilichowagundulisha waandishi wenyewe. Nikisoma makala za namna hii leo, hilo ndilo ninalolitafuta kwanza.

Ni haki pia kusema kwamba fasili iliyochapishwa 1985 haikuwa imekamilika. Ilimfikiria mkaguzi kana kwamba anaanza mazungumzo akiwa mtupu. Lakini Bibi haanzi mtupu. Jana alicheza mchezo mwingine na mjukuu mwingine, na alichokipata jana anaweza kukichanganya na cha leo. Ukiunganisha mazungumzo mawili ambayo kila moja halivujishi kitu, fasili ile ya kwanza haikukuhakikishia kwamba yakiwa pamoja hayavujishi. Toleo la jarida lililotoka 1989 lilimruhusu mkaguzi aje na maarifa ya awali mkononi, na pengo likazibwa. Kwa hiyo makala iliyopita Providence ilikuwa na kasoro ya kweli, na kamati iliyoipitisha ilifanya vizuri kuipitisha nayo. Kasoro ile isingejulikana kama watu wengi wasingeanza kuitumia.

Na Babai? Alikuja kutoka nadharia ya makundi ya aljebra. Kulikuwa na maswali kuhusu makundi ya matriki ambayo hakuweza kuyaweka ndani ya NP, lakini yalionekana kukaa juu yake kidogo tu, na alitaka kuipa nafasi hiyo jina. Akaweka mfalme Arthur na mchawi Merlin: Arthur anarusha sarafu, Merlin mwenye nguvu zote anajibu. Tofauti na Bibi, sarafu za Arthur zinaonekana na wote wawili. Ukifikiria kanga, jambo hilo linaonekana kuharibu kila kitu. Mjukuu akiiona sarafu ya Bibi, hata mwongo atajibu sawa. Ndiyo maana matokeo ya Goldwasser na Michael Sipser mwaka uliofuata yalishangaza: lolote linaloweza kuthibitishwa kwa sarafu za siri linaweza pia kuthibitishwa kwa sarafu za wazi, kwa mazungumzo mengine yaliyopangwa upya. Milango miwili ya Providence ilikuwa ya nyumba moja.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita haraka. Mwaka 1990 Adi Shamir, akijenga juu ya kazi ya Carsten Lund, Lance Fortnow, Howard Karloff na Noam Nisan, alionyesha kwamba uthibitisho wa mazungumzo unafika hadi PSPACE, yaani maswali yote yanayotatulika kwa kumbukumbu ya kompyuta isiyopita kiasi hata kama muda ni mwingi mno, mbali kuliko yeyote alivyotarajia. Nadharia ya PCP, ya uthibitisho unaokaguliwa kwa kusoma vipande vichache tu vilivyochaguliwa kwa bahati, ikafuata 1992. Tuzo ya Gödel, ya makala bora za nadharia ya kompyuta, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1993, walipewa watu watano: Goldwasser, Micali, Rackoff, Babai na Shlomo Moran aliyeandika na Babai toleo la jarida. Goldwasser na Micali walipata Tuzo ya Turing, kubwa kuliko zote katika sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2012. Sarafu ya kidijitali ya Zcash, iliyoanza 2016, inaweza kuthibitisha kwamba muamala ni halali bila kutaja nani kampa nani kiasi gani. Kila mtu anayechungulia huku na huku kabla ya kubonyeza namba ya siri kwa wakala wa pesa za simu anaelewa hamu hiyo, kuthibitisha kwamba unaijua bila kuitaja, hata kama mtandao wake hautumii hisabati hii.

Kuna upande wa kisa ambao sioni ukizungumzwa, nao unanigusa zaidi. Katika ile miaka miwili ya kukataliwa, wazo halikulala. Mwaka 1984, kwenye mkutano wa Eurocrypt uliofanyika Paris, Michael Fischer, Micali na Rackoff waliwasilisha itifaki iliyokuwa tayari inalitumia. Aliyekuwa MIT, Toronto au Berkeley aliweza kulisikia kwenye korido, kwenye semina ya mchana, au kwenye rasimu iliyotolewa nakala. Kukataliwa hakukumzuia mtu wa ndani kuendelea. Kulimzuia mtu aliyekuwa mbali. Kwa mhadhiri wa hisabati aliyekuwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala mwaka 1984, mlango pekee ulikuwa kitabu kilichochapishwa, kikifika kwa meli kama maktaba ilikuwa na fedha za kigeni. Hapana ya kamati iliyowachelewesha waandishi karibu miaka miwili ilimchelewesha yeye zaidi, wala hakujua kuna kitu amecheleweshewa.

Rasimu siku hizi hazijifichi hivyo. Hifadhi ya ripoti za nadharia ya ukokotozi, ECCC, ipo tangu 1994, na mwanafunzi wa Dodoma anaisoma siku ileile anayoisoma wa Boston. Mwaka 2010 ulianza pia mkutano mpya katika Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, ambao leo unaitwa ITCS, ukiwaalika waandishi walete hasa dhana mpya na maswali mapya. Lakini korido haijahamia kwenye intaneti. Pale ndipo mtu anapomweleza mwenzake, kwa kahawa, kwa nini swali ambalo hakuna aliyeliuliza linafaa kuulizwa. Mjumbe aliyeshasikia maelezo hayo husoma makala kwa jicho jingine. Asiye na korido inabidi aiweke ndani ya makala yenyewe.

Ndiyo maana mwanafunzi wangu aliyekuja mwezi uliopita na jibu lake la hapana sikumwambia habari za Tuzo ya Turing. Mhakiki mmoja alikuwa ameandika kwamba haoni nani ataihitaji fasili iliyopendekezwa. Tulikaa na makala yake saa tatu. Fasili yake inahamia ukurasa wa tatu. Ukurasa wa kwanza tumeuachia mfano mmoja, pamoja na tobo ambalo fasili inalifichua katika mfano huo. Mfano wake wa pili ni ndugu wa wa kwanza, tumeutoa, na sasa anatafuta mwingine wa ukoo wa mbali. Lango la vuli linafungwa baada ya wiki sita.